Shindilia Iliyopelekwa Geita

Mitambo saba iliingia kitongoji cha Mwagala, nje kidogo ya Samuye, Jumatano asubuhi. Kufikia Ijumaa jioni ilikuwa imebaki minne.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi. Watu wa Mwagala walikuwa wameingoja kwa miaka sita, tangu lambo lao la zamani lijae tope na ng'ombe waanze kupelekwa kunywa mbali, alfajiri kwenda na jua likizama kurudi. Kamati ya maji iliandika barua nyingi, ikajibiwa chache, mpaka shirika moja la misaada likakubali kugharamia lambo jipya na kumtafuta mkandarasi. Kwa hiyo mitambo iliposhushwa pale mbugani, mmoja mmoja, wanawake walipiga vigelegele na wachungaji wakaacha ng'ombe wajichunge.

Kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kiliendeshwa na mwanamke. Aliitwa Justa, lakini kazini wengi walimwita Mama Noela, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisoma kwa bibi yake Kalangalala, mjini Geita. Justa alikuwa na miaka thelathini na sita, na tisa kati ya hiyo aliitumia migodini akichota kifusi. Kijiko hakikuwa chake wala cha mkandarasi. Kilikuwa mali ya Hozefa, mfanyabiashara wa Nyahanga kule Kahama, ambaye familia yake iliuza vifaa vya ujenzi tangu enzi za babu yake, na yeye akaongeza biashara ya kukodisha mitambo. Shindilia, mtambo wa kukanyagia udongo, nayo ilikuwa ya Hozefa. Mitambo mingine ilikuwa ya mkandarasi mwenyewe.

Kabla wageni hawajafika, mwenyekiti wa kamati ya maji alimfuata Justa pale alipokuwa akipaka grisi. Aliitwa Maduhu, mfugaji mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi.

"Mhola, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mhola, baba."

"Nieleze hivi vyuma kila kimoja kinafanya nini. Nisije nikaulizwa na watu nikabaki naguna."

Justa alifuta mikono, akamzungusha. Tingatinga, lile lenye bamba kubwa mbele, kazi yake ni kung'oa visiki na kusukuma udongo wa juu wenye mizizi. Kijiko kinachimba na kupakia. Tipa mbili zinabeba. Greda, yenye wembe mrefu tumboni, inasawazisha. Boza linamwaga maji. Walipofika kwenye shindilia, Justa aliweka kiganja juu ya lile gurudumu zito la chuma lenye meno.

"Hii ndiyo lambo lenyewe, baba. Udongo ukimwagwa tabaka jembamba, boza linalowesha, hii inakanyaga. Tunaweka tabaka jingine, inakanyaga tena. Hivyo hivyo mpaka juu. Bila hii, tuta linakuwa lundo la udongo tu, na maji hayazuiwi na lundo la udongo."

Maduhu aliinama akayatazama yale meno kwa muda, kisha akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

Wageni walikuja, wakavaa kofia ngumu za plastiki, wakapigwa picha mbele ya kila mtambo. Hotuba zilikuwa tano. Kesho yake, vumbi la magari yao likiwa bado halijasahaulika, lobedi, yale matrela marefu ya kubebea mitambo, yalirudi. Yalipakia tingatinga na shindilia. Boza liliyafuata nyuma.

Justa alikwenda kumuuliza msimamizi wa mkandarasi. Aliitwa Donatus, kijana nadhifu aliyetembea na kompyuta mpakato kwapani kama mwingine anavyobeba Biblia.

"Vinakwenda wapi?"

"Matengenezo."

"Shindilia ilifanyiwa matengenezo wiki iliyopita, Nyahanga. Nilikuwepo."

"Itarudi ikihitajika, Mama Noela. Sasa hivi tunachimba. Wewe chimba."

Akachimba. Julai ikapita, Agosti ikapita. Udongo ule ulikuwa wa mbuga, mweusi, mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, na kijiko kiliubomoa mabonge makubwa kama magunia. Kwanza walitakiwa kuchimba mfereji chini ya mahali patakapokaa tuta, uende mpaka kwenye udongo mgumu, ujazwe mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji yasipite chini kwa chini. Mfereji ulipofika kiunoni, Donatus aliamuru usimame.

"Hatujafika kwenye ugumu," Justa alisema. "Bado mchanga. Angalia."

"Inatosha."

"Mchoro unasema mita mbili na nusu. Niliuona siku ya kwanza."

"Mama Noela, wewe ni opereta. Michoro ina wenyewe."

Tipa zikaanza kumwaga udongo mkavu juu ya mfereji ule, lundo juu ya lundo. Kila alipouliza habari za shindilia, Donatus alijibu kwamba magurudumu ya tipa yanatosha kushindilia. Justa alimtumia Hozefa ujumbe wa simu: bosi, mitambo imepungua hapa, kazi haiendi inavyotakiwa. Jibu lilikuja fupi: sikiliza msimamizi, saiti ni yake. Justa alilisoma mara tatu. Alijua maana yake, au alidhani anajua. Tajiri na mkandarasi lao moja.

Alikuwa amepanga chumba kwa Lusia, mjane aliyekuwa katibu wa kamati ya maji. Nyumba ya Lusia ilikuwa ya mwisho bondeni, chini kabisa ya lile tuta, pamoja na nyumba nyingine nne. Kila jioni Lusia alikuwa akikaa mlangoni akichambua choroko huku akilitazama tuta linavyopanda.

"Litajaa lini?" aliuliza siku moja.

"Mvua zikinyesha vizuri, msimu huu huu."

"Na likijaa, litakaa? Maana mimi ndiye wa kwanza."

Justa aliokota punje ya choroko iliyodondoka. Alisema mafundi wanajua. Usiku ule hakula ugali aliotengewa, na Lusia hakuuliza sababu. Kilichomuuma Justa si Donatus tu. Ilikuwa mikono yake mwenyewe. Kila ndoo ya udongo iliyokuwa juu ya nyumba ya mama yule aliipakia yeye.

Katikati ya Septemba alipigiwa simu na Generosa, rafiki yake wa zamani anayeendesha tipa huko Geita. Walizungumza habari za watoto, kisha Generosa akasema, "Halafu nimeiona shindilia yenu. Ile yenye alama yako ya rangi ya njano ubavuni. Kumbe mmehamia huku?"

"Umeiona wapi?"

"Kwa wachenjuaji wa marudio, wale wanaosafisha mabaki ya migodi kupata dhahabu. Inashindilia sakafu ya mabwawa yao ya kuchenjulia dhahabu. Na tingatinga lipo, na boza. Wana wiki nane sasa. Hayo mabwawa wanayashindilia mpaka ukidondosha sarafu inalia. Dhahabu haitakiwi kuvuja hata tone."

Justa alikata simu bila kuaga. Alikaa ndani ya kebini ya kijiko, injini imezimwa. Kwa hiyo shindilia ilikuwa nzima. Ilikuwa inakanyaga udongo kila siku, tabaka kwa tabaka, na boza linamwaga maji kama inavyotakiwa, ili maji yenye dhahabu ya watu yasipotee. Maji ya ng'ombe wa Mwagala na nyumba tano za bondeni, hayo yalitoshwa na magurudumu ya tipa. Alishuka, akaubamiza mlango wa kebini mpaka kioo kikatetemeka.

Mwanzoni mwa Oktoba tuta lilikuwa limekamilika kwa macho. Greda ilikuwa imelichonga miteremko mpaka likapendeza. Ukisimama mbali ungesema ni kazi ya mtu mwenye uchungu na kazi yake. Donatus alitangaza kwamba mhandisi wa shirika atakuja kesho kutwa kukagua na kulipokea.

"Kijiko kinaondoka leo mchana," alimwambia Justa. "Lobedi iko njiani. Kisafishe."

"Mhandisi atapima nini?"

"Urefu, upana, mteremko. Vyote viko sawa."

"Na ushindiliaji?"

"Vipimo vya maabara vipo tayari." Alipiga piga kompyuta yake. "Vyote vimefaulu."

"Vilipimwa lini? Mimi nimekaa hapa tangu Julai, sijaona mtu akichukua udongo hapa hata kijiko cha chai."

Donatus alitabasamu kidogo. "Mama Noela, umefanya kazi nzuri. Usiiharibu dakika za mwisho."

Justa alipanda kwenye kijiko na kuwasha injini. Donatus, akidhani anakwenda kukiosha, akaendelea na simu yake. Lakini kijiko kilipinda kushoto, kikapanda ubavu wa tuta polepole, cheni zake zikididimia mahali ambapo zingepaswa kuteleza juu ya udongo mgumu. Kilipofika katikati ya tuta kikasimama. Justa aliinua mkono wa mtambo, akashusha ndoo, akachota. Akageuka, akamwaga pembeni. Akachota tena.

Wachungaji ndio waliokuwa wa kwanza kuona. Walipiga mayowe, na kwa dakika chache watu wakawa wanakuja mbio kutoka kila upande, wanaume na fimbo mbele, Maduhu akiwa kati yao. Miaka sita ya barua, na huyu mwanamke wa Geita anabomoa lambo mchana kweupe. Jiwe la kwanza liligonga kioo cha kebini. La pili likamkosa Justa kidogo.

Alizima injini, akashuka, akasimama kwenye ule mtaro alioukata, mikono ikiwa wazi pembeni.

"Mwagala wote mna haki ya kunipiga," alisema. "Lakini kwanza baba Maduhu anisaidie kitu kimoja. Baba, choma fimbo yako hapo ukutani."

"Kwa nini?" Maduhu alikuwa akihema.

"Choma tu."

Maduhu aliisukuma ncha ya fimbo kwenye ukuta wa mtaro. Hakutumia nguvu. Fimbo iliingia mpaka kwenye mkono wake, kama inaingia kwenye pumba.

"Lusia, lete maji."

Lusia alikuwa amefika na ndoo kichwani, kwani alikuwa anatoka kisimani mayowe yalipoanza. Hakuuliza. Justa aliimimina ndoo nzima, lita ishirini, juu ya udongo pale ulipokatwa. Maji hayakutuama hata kidogo. Yalizama mara moja, na muda mfupi baadaye yalitokea chini, upande wa bondeni, yakiwa na rangi ya tope, yakishuka kuelekea kwenye nyumba tano.

Maduhu alichomoa fimbo yake, akaitazama ncha iliyojaa vumbi.

"Siku ile uliniambia lundo la udongo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na ulijua tangu lini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. "Tangu mwezi wa saba. Niliwaambia wakubwa. Ninyi sikuwaambia. Hilo kosa ni langu na silikatai."

Lusia alikuwa akimtazama. "Umelala kwangu miezi mitatu, Mama Noela. Umekula kwangu. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza."

"Ukasema mafundi wanajua."

Justa alishindwa kumtazama. Ndipo akawaeleza yote, mfereji uliosimamia kiunoni, shindilia iliyoko Geita, mabwawa ya dhahabu yanayokanyagwa mpaka yalie. Kadiri alivyosema, fimbo ziliacha kumwelekea yeye. Donatus, aliyekuwa amepanda hadi nusu ya mteremko, alisimama, akapiga hesabu ya haraka, akarudi kwenye gari lake akiongea na simu. Walimsikia akisema opereta amepagawa na anaharibu mradi.

Lobedi ilipofika mchana kuchukua kijiko, ilikuta watu zaidi ya mia wamekaa chini mbele ya cheni za kijiko. Wengine walikuwa wamekuja na vigoda. Dereva alizima gari, akaomba maji ya kunywa, akaketi nao.

Hozefa alifika kesho yake asubuhi kutoka Kahama, akiendesha mwenyewe. Alikuwa mtu mnene wa makamo, shati limelowa jasho, na alianza kusema kabla mlango wa gari haujafungwa.

"Mama Noela, miaka minne nimekuamini na mtambo wangu. Jana napigiwa simu kwamba umebomoa mradi wa watu. Nieleze."

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Nieleze."

"Kwanza wewe unieleze. Shindilia yako iko wapi?"

Hozefa alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Iko hapa. Nimeikodisha kwa kazi ya hapa. Kila Jumamosi naletewa karatasi ya saa ilizofanya kazi hapa Mwagala, imesainiwa na Donatus."

"Nionyeshe."

Hozefa alizungusha shingo. Aliona kijiko, greda, tipa mbili, watu mia na kitu waliokaa vumbini, na tuta lenye mtaro katikati. Justa akampa simu. Generosa alikuwa ametuma picha asubuhi ile: shindilia, alama ya njano ubavuni, na nyuma yake mabwawa ya wachenjuaji.

Uso wa Hozefa ulibadilika polepole. Justa, ambaye kwa miezi miwili alikuwa amemhesabu kati ya wezi, aliona kwamba mtu huyu hakujua. Jambo hilo halikumpoza. Lilimuudhi kwa namna nyingine.

"Nilikuandikia," alisema. "Ukaniambia nisikilize msimamizi. Ungefika mara moja tu, bosi. Kutoka Kahama mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja."

"Nilikuwa na karatasi," Hozefa alisema kwa sauti ndogo.

"Na sisi tulikuwa na hotuba," Maduhu alidakia kutoka pale alipoketi.

Siku iliyofuata mhandisi wa shirika alikuja kama alivyopanga. Donatus alimpokea barabarani na kompyuta yake, akataka kumwonyesha majedwali kwanza. Lakini watu walikuwa wamejipanga, na walimsindikiza mhandisi moja kwa moja mpaka kwenye mtaro. Alikuwa mtu mkimya. Aliponda udongo kati ya vidole, akashuka upande wa bondeni, akatazama nyumba tano, akarudi juu.

"Ni nani aliyekata hapa?"

"Mimi," Justa alisema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Hakuna."

Aliandika. Kisha akamwomba achimbe chini ya tuta, aone mfereji. Justa alichimba, na mfereji ukaonekana, wa kiunoni, umekaa juu ya mchanga. Mhandisi alifunga daftari lake na kusema kwamba kazi hii hataipokea, na kwamba tuta lote litateremshwa na kujengwa upya kuanzia chini.

Watu walipiga makofi. Maduhu hakupiga. "Kujengwa upya lini?" aliuliza. "Mvua ni mwezi ujao."

Mhandisi alifungua tena daftari, akahesabu wiki. Mwaka ule haikuwezekana. Hozefa aliifuata shindilia yake Geita na akaitoa kwa ugomvi, lakini siku ilipofika Samuye mvua nazo zilifika. Maji yaliteremka mbugani, yakapita kwenye ule mtaro wa Justa bila kujikusanya, yakaenda zake. Nyumba ya Lusia haikuguswa. Lakini ng'ombe wa Mwagala walikwenda mbali kunywa kwa kiangazi kingine kizima, na wengine hawakurudi. Maduhu alipoteza wanne.

Mkandarasi alipewa onyo na muda wa nyongeza. Donatus alihamishiwa mradi mwingine, wa barabara, akiwa msimamizi vilevile. Na Justa akajikuta hana kazi. Hozefa alimweleza ofisini Nyahanga, macho yakiwa mezani.

"Wakandarasi hawataki mtambo wangu ukiwa na wewe ndani yake. Wanasema wanaogopa opereta anayekata kazi."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema ulikuwa sahihi."

"Kusema tu?"

Hozefa aliendelea kupanga karatasi zake. Justa alichukua kofia yake ngumu akaondoka. Kwa miezi saba aliuza mitumba Kalangalala, akikunja na kukunjua nguo za watu, mikono imezoea kitu kingine.

Mwanzoni mwa kiangazi hicho cha pili, kamati ya maji ya Mwagala iliambiwa mitambo inarudi. Iliandika barua nyingine, kwa mwandiko wa Lusia. Ilisema kwamba hakuna atakayekaa kwenye kijiko wala kwenye shindilia katika ardhi yao isipokuwa Mama Noela, na kwamba wasipomleta, watu watakaa tena mbele ya cheni. Mkandarasi alinung'unika. Shirika lilikubali. Hozefa alimpigia simu Justa mwenyewe, na safari hii alikuwa akija saitini kila wiki, akitembea juu ya tuta na viatu vyake vya dukani, akiuliza maswali mengi mpaka yakachosha.

Mfereji ulishuka mita mbili na nusu, ukagonga ugumu. Udongo ulilowa, ukakanyagwa, ukalowa, ukakanyagwa. Justa aliporudi kupanga kwa Lusia, mama yule alimpokea, akampa chumba kile kile, lakini ilichukua wiki nyingi kabla hajamketisha tena mlangoni wachambue choroko pamoja.

Lambo lilijaa Machi. Siku ya makabidhiano Justa hakualikwa. Alisikia baadaye kwamba kulikuwa na bamba la marumaru lenye jina la mkandarasi, na kwamba mkandarasi huyo alishukuriwa kwa uvumilivu wake. Maduhu alimpigia simu jioni.

"Mayu, ng'ombe wamekunywa."

"Linavuja?"

"Halivuji. Nimezunguka mara mbili." Nyuma yake ng'ombe walisikika. "Watu wamefurahi. Wewe hujafurahi?"

Justa alikuwa amesimama nje ya nyumba ya mama yake, Noela ndani akisoma kwa sauti.

"Nimefurahi kwa ng'ombe, baba," alisema. "Lakini lambo hilo lilikuwa la mwaka jana. Shindilia ilikuwepo, opereta alikuwepo, udongo ulikuwepo. Wale ng'ombe wako wanne, kuna mtu yeyote ameulizwa habari zao?"

"Hakuna."

"Basi mimi bado nina hasira."

"Hata mimi," Maduhu alisema, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.